Mwanamke wa Upande wa Kushoto

2 Aprili

Mume wangu Wino,

Habari za huko, na kucha zako nyeusi hazijambo? Mimi mzima, ila nimekuwa mtu wa kutotulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, nikifika dirishani naona ukuta wa jirani na bomba la maji. Bibi Santuri anasema nimekalia siafu.

Huyo ndiye ninayemhudumia, kama nilivyokwambia. Miguu haimbebi tena, lakini mdomo unafanya kazi ya watu wanne. Maisha yake yote aliuza santuri dukani, na sasa chumba chake kizima ni spika na nyaya, mimi nafagia nimechutama. Juzi nilikuwa namkanda miguu huku naimba, akaniuliza naimba nini. Nikamwambia ni wimbo wa Kokoto, yule mwimbaji wa roki mwenye koo la changarawe, ambaye mimi na mume wangu tulimpa jina hilo kwa kuwa lake halisi lilitushinda kutamka. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanivisha hedifoni zake.

Nikwambie nini, Wino. Bibi anasema nyimbo tunazosikia kwenye simu zimekatwakatwa ili ziwe nyepesi, wanatupa kila wanachodhani sikio halitakikumbuka. Zake hazijatupwa kitu. Kila kilichokuwa chumbani siku Kokoto anarekodi kimo, mpaka viti. Nililia. Miaka yote hii kumbe tulikuwa tunamsikiliza kutoka nyuma ya ukuta.

Basi amenipa chombo chake cha zamani cha kuchezea muziki, na hedifoni, na mkusanyiko mzima wa nyimbo za Kokoto zilizovuma. Vimo humu kwenye kifurushi. Sikiliza wimbo mmoja mmoja, halafu uniandikie ulichosikia. Mimi nasikiliza hizohizo kila jioni Bibi akishakula. Wimbo wa tatu, ule wa mlango, sikwambii kitu. Utajionea.

Sasa la pili. Watoto wa Bibi wanataka nisaini mkataba mwingine wa miaka miwili, na wanataka jibu kufikia mwanzo wa Juni. Wewe wasemaje? Ningekuuliza kwa simu, lakini tangu yako ife spika hutaki kununua nyingine, na meseji zako ni "nipo", "salama", "usiku mwema". Ulisema barua ndizo za moyo. Haya, moyo huu hapa, ujibu.

Wako,
Kamanda


15 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini cherehani haijakusumbua tena. Nakuandikia wewe kwa sababu ulinipangusa makamasi nikiwa mdogo, kwa hiyo hakuna aibu yangu usiyoijua.

Sikio langu la kushoto limekufa. Sisemi linasikia kidogo, limekufa kabisa, kama taa iliyozimwa. Daktari anasema ni kelele. Miaka yote pale kiwandani nimesimama ubavu wa kushoto ukiwa kwenye rola za mashine ya chapa, na pamba nilizokuwa natia zilikuwa mzaha tu. La kulia bado linasikia, lakini hakuniahidi. Nilipomuuliza litadumu muda gani, akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Kazini hawajui. Wakati wa chai nakaa mwisho wa benchi, ukuta ukiwa kushoto. Watu wakicheka, nami nacheka. Juzi msimamizi aliniita kutoka nyuma mpaka akachoka, nikamwambia nilikuwa nawaza. Sasa wananiita Mwanafalsafa.

Mke wangu naye hajui, na hilo ndilo ninalokuomba, asijue. Nilimwambia simu yangu imekufa spika. Simu ni nzima, mbovu ni mimi. Gari likipita tu simshiki anachosema, naanza kujibu "ndiyo" mahali pa "hapana". Nikamwambia tuandikiane barua kama watu wa zamani, akafurahi kama msichana. Sasa amenitumia muziki. Katika vitu vyote vya dunia hii, dada, amenitumia muziki.

Anauliza asaini miaka miwili au arudi. Nataka arudi mpaka sina pa kukaa humu ndani, navuta kiti, nakirudisha, nafungua mlango, naufunga. Lakini akijua, atarudi kwa ajili ya sikio. Mchana kutwa anamgeuza mgonjwa, anamlisha, anamfuta. Aje nyumbani akute mgonjwa mwingine anamngoja? Na nikimwambia "rudi" atauliza kuna nini, na yule akianza kuuliza haachi mpaka apate. Nitamwambia asaini.

Umeshaapa kwamba hutasema, maana nimekuapisha hapa kabla hujafika mwisho wa barua.

Mdogo wako


16 Aprili

Kamanda wangu,

Kifurushi kimefika, kamba umefunga kama unamfunga mwizi. Ilibidi niazime kisu kwa jirani.

Nimesikiliza zote, kisha nikarudia. Wimbo wa kwanza, ule wa treni, kabla hajaanza kuimba kuna kiatu kinagonga sakafu. Kiatu chake mwenyewe. Tumeucheza wimbo ule kwenye harusi yetu na hatukujua kama kuna kiatu. Wa pili, vidole vya mpiga gitaa vinapanda kwenye nyuzi, unasikia ngozi inakwaruza. Na pumzi, Kamanda. Kabla ya kila kiitikio anavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia. Nilivua hedifoni nikakaa tu, mikono magotini.

Wa tatu, ule wa mlango, umesema kweli. Namna anavyoimba peke yake, anauliza, ananyamaza, anauliza tena, hakuna anayemjibu. Zile nafasi tupu katikati ndizo zilizoniua. Kwenye simu zamani pale palikuwa na ule mvumo tuliodhani ni kinanda. Hapa ni kimya kitupu. Mtu kafungiwa nje na hata mbwa habweki.

Kuhusu mkataba, saini. Miaka miwili si milele. Mimi nakula, nalala, kazi inakwenda. Usihangaike na mimi. Mpe Bibi Santuri shukrani zangu, mwambie amenifungulia dirisha.

Mumeo,
Wino


22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nimeze moja.

Mficha uchi hazai, nawe umefunga vifungo mpaka shingoni. Unasema hutaki awe nesi wako. Nani kakwambia anataka kuwa nesi wako? Umejiuliza mwenyewe, ukajijibu mwenyewe, kisha ukamtumia mwenzio jibu. Na hilo la kumwambia asaini ndilo limenikata maini. Mwanamke aliye mbali akiandikiwa "saini" hasomi kwamba uko salama. Anasoma kwamba hahitajiki. Wifi yangu namjua, ana maneno makali na ngozi nyembamba.

Sitasema, kwa kuwa umenifunga kabla sijapata nafasi ya kukataa. Lakini akiniuliza kwa mdomo wake sitadanganya, hilo liweke akilini. Na mashine je? Siku rola itakapokukamata mkono kwa sababu hukusikia mtu akipiga yowe, huo Uanafalsafa utakuponya? Mwambie msimamizi. Halafu utafute viziba masikio vya kweli, uliokoe hilo moja lililobaki.

Nimekasirika, na nimekuhurumia, na nguo ya mteja nimeiharibu pindo kwa ajili yako.

Dada yako


29 Aprili

Wino,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye sinki, glavu mkononi, karatasi imelowa pembeni.

Unasema anaimba peke yake. Wino, katika wimbo wa tatu hayuko peke yake. Kuna mwanamke anamjibu. Kokoto anagonga, anauliza, na mwanamke anamjibu kutoka ndani, kila mara, tangu ubeti wa kwanza. Ule mvumo tuliodhani ni kinanda ndio yeye. Ndiyo maana sikukwambia, nilitaka umkute mwenyewe. Anajibu kila swali, na Kokoto anaendelea kuuliza kana kwamba hasikii. Pale ndipo nilipolia.

Wewe unaniambia ni kimya kitupu. Sikuelewi. Nimezunguka na maneno yako siku nzima, nimeunguza uji wa Bibi. Sikiliza tena, halafu uniambie unamwonaje yule mwanamke. Usijibu haraka.

Na la mkataba umelijibu upesi kuliko nilivyotaka. Nilidhani utajikuna kichwa kidogo.

Kamanda


10 Mei

Kamanda wangu,

Aa, yule mama. Nisamehe, siku ile nilikuwa nimechoka, kichwa kimejaa mashine. Nimesikiliza tena na kweli yupo. Anaingia taratibu mwishoni, sauti nyembamba, ya mbali, kama binti wa kwaya. Ameupamba wimbo vizuri sana.

Hapa mvua imeanza. Paa linavuja palepale juu ya kabati, nimeweka ndoo. Jirani amenunua jogoo, wanasema anawika saa tisa, mimi simsikii, nalala kama gogo. Kazini tunachapa masanduku ya sabuni, kila nikivua shati nanukia kama mtoto mchanga.

Juu ya mkataba, fanya unavyoona wewe.

Mumeo,
Wino


22 Mei

Wino,

Sauti yake ni nene kuliko ya Kokoto. Na haingii mwishoni. Mwishoni ameshaondoka, na Kokoto anabaki anagonga nyumba ambayo sasa kweli haina mtu. Hukumsikia, kwa sababu hukusikiliza. Umeniandikia kama mwanafunzi ambaye hakufungua kitabu na anataka kusimulia hadithi.

Sasa nijibu. Nani anavaa hedifoni zangu? Kiatu, vidole, pumzi, hayo umeyaokota kwa nani? Kuna mtu anakaa sebuleni kwangu anasikiliza, akimaliza anakusimulia, nawe unaniandikia mimi? Simu haifanyi kazi, barua zako ni baridi kama chai ya jana, na nikikuuliza nirudi unaniambia saini. Mimi si mtoto, Wino.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Asubuhi ile niliyotakiwa kuwajibu hawa watu kama nakuja au siji, kabla saa ya kengele haijalia, nilikuuliza. Ulikuwa macho, nilikuona unaangalia dari. Mimi nimelala ukutani, mahali pangu, nikakwambia kwa sauti ndogo, maana ilinitoka kwa shida: "Ukisema nisiende, siendi." Ukanyamaza. Ukainuka, ukavaa viatu, ukaenda kuchemsha maji. Nikajua jibu. Nimekaa nalo huku ugenini, nikijiambia labda mwanamume hasemi, labda ataandika. Umeandika, na ni lilelile.

Ijumaa ya wiki ijayo nasaini.

Kamanda


3 Juni

Mke wangu,

Swali hilo sikulisikia.

Wewe hulala ukutani, na ukuta uko kushoto kwangu. Sikio langu la kushoto halisikii, na asubuhi ile lilikuwa limeshaacha kusikia, mimi bado najidanganya kwamba ni nta. Ulipoondoka nikaenda kwa daktari, akaniambia ni kelele za mashine na halirudi. La kulia lipo kwa sasa. Nikaficha. Simu ni nzima. Sebuleni hakuna mtu ila mimi, na kiti ninachokihamisha. Yule mwanamke wa kwenye wimbo nilimbuni, sijawahi kumsikia. Dada anajua, nilimwapisha kwa hila, usimgombeze.

Niliogopa utarudi kuwa nesi wangu. Nilitaka urudi kwa ajili yangu, si kwa ajili ya sikio.

Na ile dari. Nilikuwa naiangalia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukwambia usiende bila kuonekana nakuzuia. Nikageuza shingo, nikakuona umefumba macho, nikadhani umeshaamua. Nikaenda kuchemsha maji. Tangu nimesoma barua yako sijalala vizuri, kila nikifumba macho naona midomo yako inasema na mimi navaa viatu.

Najua barua hii itakuta umeshasaini.

Wino


3 Juni

Wino,

Nimesaini Ijumaa. Leo ni Jumapili, na ningetoa kidole kimoja Ijumaa ile irudi.

Nilikuwa namwosha Bibi nywele. Hataki kuvua hedifoni hata kwa maji, kwa hiyo namsogezea upande mmoja, naosha, kisha upande wa pili. Wimbo wa tatu ulikuwa unacheza. Nikamwondolea upande wa kushoto, akanidaka mkono, povu linamshuka shingoni. "Umemfukuza mama wa watu," akasema. Nikamuuliza mama yupi. "Yule wa mlangoni. Walimrekodi kushoto tupu, gitaa likawekwa kulia, Kokoto katikati. Zamani walikuwa wakifanya hivyo. Mrudishe."

Nilimsuza vibaya, sabuni imemwingia machoni, na mpaka sasa ananitukana. Nikachukua barua yako ya Aprili. Nikavaa hedifoni sikio la kulia tu. Kiatu kipo. Vidole vipo. Pumzi ipo. Nikafika wimbo wa tatu, anauliza, ananyamaza, anauliza tena, hakuna anayemjibu. Kimya kitupu, kama ulivyoandika. Katika barua ile hukudanganya hata neno moja. Ulisikiliza kila kilichokufikia ukaniandikia, na mimi nikakutukana.

Kisha mengine yakaanza kuja yenyewe. Simu. Vile ulivyokuwa ukinihamisha tukitembea, unasema upande ule una magari. Jogoo wa jirani. Na asubuhi ile. Nililala upande gani, Wino? Nimekaa sakafuni na swali hilo, Bibi anagonga ukuta anataka taulo.

Nimekukasirikia sana. Sio kwa sikio. Ni kwa kuniacha nimwonee wivu mtu ambaye hayupo, mpaka nikashika kalamu.

Sasa fanya hivi. Zichukue hedifoni uzigeuze, ya kushoto uivae kulia. Cheza wimbo wa tatu. Halafu uniambie.

Mkeo


15 Juni

Mke wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu sasa utakuwa umeisoma, sirudii.

Nimegeuza. Yupo. Ana sauti nene, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kokoto anauliza kama bado yumo ndani, naye anasema yumo. Anauliza kama amechelewa, naye anasema bado. Anajibu kila swali. Na mimi miaka yote hii nilikuwa namhurumia Kokoto, kumbe anajibiwa. Kisha nikatambua kwamba gitaa limepotea. Nikageuza tena, gitaa likarudi, mama akaondoka. Nimegeuza na kugeuza mpaka chaji ikaisha. Wote wawili siwezi kuwapata pamoja, nimejaribu.

Msimamizi nimemwambia. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia, akasema ndiyo maana. Amenihamishia meza ya kukunja masanduku, kule nyuma, mbali na rola. Jina la Mwanafalsafa limebaki. Dada alikuja na viziba masikio vya kweli, akanivalisha mbele ya watu kama ananipeleka shule.

Asubuhi ile sikukujibu kwa kuwa sikukusikia. Sasa nimelisoma swali lako, kwa hiyo najibu, ingawa umeshaenda na umeshasaini.

Usiende.

Wino


26 Juni

Mume wangu Wino,

Ningekupigia simu, na Jumapili nitakupigia, uiweke kulia. Ila hili nataka ulisome, usije ukasema hukusikia.

Mkataba wao nimewarudishia. Wameniita kigeugeu, nikawaambia haswa. Nitakaa mpaka wapate mtu mwingine, nimfundishe kumwosha Bibi nywele bila kumtia sabuni machoni, kisha nakuja. Mtoto wake mkubwa alitaka kuleta maneno mezani. Bibi akamwambia, "Mwache, kaitwa." Halafu akanidai nimwongezee sauti.

Eti unaogopa kuwa mgonjwa wangu. Wagonjwa wangu huniambia panapouma. Wewe hujafuzu.

Sasa sikiliza. Mimi siwezi kulala mbali na ukuta, unanijua, nitakesha. Kwa hiyo kihamishe kitanda. Mito ipeleke upande wa mlango, miguu iende dirishani, ili nikiwa ukutani niwe kulia kwako. Kabati lisogeze, na ile ndoo itoe. Fanya kabla sijafika, kwa sababu nikifika nina mengi ya kukwambia, na nitayasema kwa sauti ndogo.

Kamanda